Nani Alipiga Solo? Utetezi wa Swali Linalodharauliwa

Kuna swali lisilokosa kuulizwa popote pale Waswahili wa umri fulani wanapokutana mbali na kwao. Huulizwa Maskati wakati wa kahawa, huulizwa London sahani za pilau zinapoondolewa, huulizwa Minneapolis ndani ya gari linalorudi kutoka harusini. Wimbo wa zamani unalia, gitaa linachukua nafasi yake, na mmoja wa waliopo anauliza: hapo nani anapiga solo? Mjadala unaanza papo hapo. Wa kwanza anasema ni Mbaraka Mwinshehe mwenyewe. Wa pili anakataa na kutaja jina jingine. Wa tatu anataka kwanza kujua kama wimbo ulirekodiwa kabla au baada ya Mbaraka kuihama Morogoro Jazz. Vijana waliopo hutazamana na kutabasamu, kwani hayo ni mambo ya wazee. Msomi, akiwapo, husikiliza kwa adabu, kisha huyarudisha mazungumzo kwenye yale anayoyaona kuwa ya maana: dhamira, itikadi, ujenzi wa taifa.

Vijana wana udhuru, kwa kuwa hawakuwapo. Msomi hana udhuru. Anayelichukulia swali la nani alipiga, nani alitunga na mwaka gani kuwa porojo za wastaafu hajatafakari jinsi fasihi anayoifundisha ilivyomfikia. Na muulizaji mwenyewe, anayelitumia swali hilo kama kitendawili cha kuwashinda wenzake na kisha kulisahau, naye amelikosea haki. Kati ya dharau ya mmoja na mchezo wa mwingine, hazina nzima ya utunzi wa Kiswahili wa karne ya ishirini inapotea. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Muziki wa dansi ni mali ya namna hiyo hasa.

Inafaa kuanza na mfano ambao hakuna msomi wa Kiswahili atakayeukana. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa yapata mwaka 1840. Leo hutajwa katika kila somo la ushairi kuwa ndiye aliyelitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni. Lakini Muyaka hakuacha diwani iliyopangwa na kujaladiwa. Tungo zake zilibaki vinywani na katika kumbukumbu za watu wa mji wake, na miongo kadhaa baada ya kifo chake zilikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa Mombasa, aliyeshirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Kutokana na juhudi hiyo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akachapisha uchunguzi wake mkubwa juu ya mshairi huyo. Karatasi za Taylor ziko London hadi leo, katika maktaba ya SOAS.

Alichokifanya Mwalimu Sikujua kwa hakika ni kuwauliza wazee wa mji wake kuhusu nyimbo za ujana wao na za baba zao. Shairi hili lilitungwa na nani? Lilikuwa jawabu la shairi gani? Lilimlenga nani, na ilikuwa kabla ya vita vipi? Lau msomi wa leo angekuwa Mombasa siku zile, huenda angetabasamu na kusema kwamba wazee wanakumbushana enzi zao. Muyaka alijibizana kwa mafumbo, na fumbo lisilojulikana lilirushwa kwa nani ni nusu ya shairi. Lisingeulizwa swali hilo dogo la nani na lini, kitabu cha Abdulaziz kisingekuwa na cha kuchambua.

Baada ya kulikubali hilo kwa Muyaka, wasomi hao hao hukigeuza kipimo wanapofika kwenye dansi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, hausomwi popote bila ya kutajwa Mwana Kupona binti Msham, mumewe Bwana Mataka wa Siu, na binti yao aliyeusiwa, Mwana Hashima. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir imejadiliwa nakala kwa nakala na ubeti kwa ubeti. Lakini wimbo wa dansi wenye beti, kituo, hadithi na fumbo, uliokaririwa na watu wengi kuliko waliowahi kuishika Al-Inkishafi mikononi, huingizwa katika tasnifu kwa maneno kama "wimbo mmoja maarufu wa miaka ya sabini". Bendi ikitajwa, mtunzi hatajwi. Mtunzi akitajwa, haisemwi kama ndiye mwimbaji. Wapigaji hawamo kabisa. Si watafiti wote wafanyao hivyo: Werner Graebner, Kelly Askew na Alex Perullo wamekaa na wanamuziki na kuandika majina yao. Lakini ada ya kuwataja wanamuziki bado haijawa sharti, na mwanafunzi anayeinukuu beti ya dansi bila ya jina la mtunzi hapunguziwi alama.

Wanaodhani kwamba majina na tarehe ni mapambo ya nje ya wimbo hawajausikiliza wimbo wenyewe. Wimbo wa dansi wa Tanzania, kama ulivyozoeleka katika miaka ya 1970 na 1980, una sehemu mbili. Kwanza ni beti zinazoimbwa polepole, ambamo kisa husimuliwa. Kisha huja chemko, ambapo mwendo huongezeka, magitaa na tarumbeta hushika hatamu, na waimbaji huanza kuita. Huwaita wapigaji kwa majina yao. Huutaja mtindo wa bendi. Pengine huwasalimu marafiki na mashabiki. Msikilizaji asiyejua huyachukulia maneno hayo kuwa makelele ya furaha. Lakini aliyesoma tenzi anajua kwamba washairi wengi wa zamani waliweka katika beti za mwisho jina lao na mwaka wa kutunga, na Mwana Kupona ni mmoja wao. Chemko inafanya kazi iyo hiyo. Humo ndimo wimbo unamojieleza ni wa nani na wa wakati gani.

Mtindo, kwa mfano, si neno la kunogesha tu. Msondo ulikuwa wa NUTA Jazz, Sikinde ni ya Mlimani Park, Saboso ulikuwa wa Western Jazz, Sokomoko ulikuwa wa Safari Trippers na Bomboka wa Dar International. Marijani Rajab aliimba katika bendi hizi mbili za mwisho, kwa hiyo anayelisikia jina la mtindo ndani ya wimbo wa Marijani anajua mara moja autie katika sehemu gani ya maisha ya mtunzi huyo. Vijana Jazz ilibadilisha mitindo zaidi ya mara moja, na kila badiliko ni alama ya kipindi. Tena baadhi ya majina hayo hayakubuniwa jukwaani. Msondo na Sikinde zilikuwa ngoma za jadi kabla ya kuwa mitindo ya mabendi, na usemi "Sikinde ngoma ya ukae" unaipeleka bendi ya mjini hadi nyumbani kwa Wazaramo. Mzee anayeuliza Sokomoko ulikuwa wa bendi gani anafanya kazi ambayo mhariri wa miswada huifanya anapochunguza mwandiko na karatasi ili aujue umri wa nakala.

Majina ya bendi nayo ni historia. Bendi iliyoanza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi iliitwa NUTA Jazz kwa kuwa chama kiliitwa NUTA. Chama kilipogeuka JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikawa JUWATA Jazz. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, siasa ya vyama vingi ilipokaribia na jumuiya ya wafanyakazi ikapewa sura mpya, bendi ikawa OTTU Jazz. Leo ni Msondo Ngoma, jina la mtindo limelimeza jina la mwajiri. Katika majina hayo manne mna uhusiano mzima wa dola, chama na mfanyakazi katika Tanzania. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuvitangaza vitambaa. Polisi walikuwa na bendi yao, na Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Msomi anayeandika juu ya sauti ya mfanyakazi katika wimbo bila ya kujua ni nani aliyekuwa akimlipa mwimbaji mshahara na ni mali ya nani lile gitaa, ameandika juu ya nusu ya jambo.

Kisha kuna kuhama, na hapo ndipo mabingwa wa mambo ya dansi hunoga zaidi: fulani alitoka bendi gani kwenda ipi, pamoja na nani. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu mwaka 1964. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioijenga Mlimani Park. Mwaka 1985 yeye na Hassan Rehani Bitchuka walihamia Orchestra Safari Sound, na mtindo ukawa Ndekule. Michael Enoch, aliyepiga solo katika Dar es Salaam Jazz, alikuja kuwa mpiga saksafoni na mwalimu wa Mlimani Park. Anayeujua mlolongo huo hawezi kuandika kwamba Msondo na Sikinde ni shule mbili za ushairi zilizokua mbali mbali. Atajua kwamba koo zile zile zilivuka kutoka jukwaa moja hadi jingine, na kwamba ushindani mkali wa bendi mbili hizo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa nyumba moja.

Mipaka ya nchi nayo haieleweki bila ya maswali hayo hayo. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakafika Nairobi mwaka 1971, na Simba Wanyika yao ikazaa Les Wanyika mwaka 1978. Leo wengi huutaja wimbo Sina Makosa wa Les Wanyika kuwa wa Kenya, na hawakosei, lakini hawajamaliza kusema. Orchestra Maquis du Zaïre ilitoka Lubumbashi na kufanya maskani Dar es Salaam. Remmy Ongala alizaliwa Kivu, akaingia Tanzania mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na akaja kuwa mmoja wa watunzi wakali kuliko wote wa Kiswahili cha mtu maskini. Kwa miaka mingi santuri za bendi za Tanzania zilitengenezwa Nairobi, huku Radio Tanzania Dar es Salaam ikirekodi kanda zake yenyewe na kuyakagua maneno ya nyimbo kabla ya kuzirekodi. Kwa hiyo wimbo mmoja uliweza kuwa na rekodi mbili, moja ya redio na moja ya santuri. Kuuliza "unasema ile ya redio au ya santuri?" ni kuuliza swali la nakala, lile lile linaloulizwa juu ya Al-Inkishafi.

Hadi hapa utetezi ni wa elimu. Lakini jambo hili lina upande wa pili, ambao ni wa haki za watu, na huo hauna subira.

Wimbo wa Malaika unajulikana duniani kote. Miriam Makeba aliuimba, Harry Belafonte aliuimba, Boney M waliuimba. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi ukaenea, na jina lake ndilo lililoandikwa. Adam Salim wa Tanzania alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga, tena katika miaka ya 1940, na wengine pia wametajwa. Ugomvi huo haukuwahi kumalizika kwa namna ya kuwaridhisha wote, na sababu yake ni moja: wakati ule wimbo ulipokuwa mdogo, hakuna aliyeona haja ya kuandika ulitungwa na nani, lini, mbele ya nani. Baadaye ulipokuwa mali, mashahidi walikuwa wachache na kila mmoja alikuwa na upande. Hapo ndipo swali la barazani linapoonekana lilikuwa swali la mahakamani tangu mwanzo.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, hivyo kwa kipimo hicho muda wake ulikwisha mwaka 2015. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari huko Kenya Januari 1979: kwa kipimo hicho ulinzi wake unafika mwaka 2029. Marijani Rajab alifariki mwaka 1995: mwaka 2045. Gurumo alifariki mwaka 2014: mwaka 2064. Lakini katika sheria nyingi za hakimiliki duniani, kazi ya mtunzi asiyejulikana huhesabiwa muda wake tangu ilipotolewa, si tangu mtunzi alipokufa. Wimbo uliotoka mwaka 1970 bila ya jina la mtunzi uko hatarini kuhesabiwa kuwa umekuwa huru tangu mwaka 2020. Ukipatikana ushahidi kwamba mtunzi wake ni mtu aliyefariki mwaka 2014, hesabu inabadilika kwa miaka 44. Katika miaka hiyo 44 kuna wajane, watoto na wajukuu. Bado kuna hoja ya mwajiri, kwa kuwa wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa wa mashirika, na si kila alichotunga mtu kilihesabiwa kuwa chake. Lakini hata hoja hiyo haianzi kujadiliwa kabla ya kujulikana nani alitunga, akiwa katika bendi gani, mwaka gani. Yaani haianzi kabla ya kuulizwa yale maswali yanayochekwa.

Na soko lipo. Santuri za zamani za Afrika Mashariki hununuliwa na kutolewa upya na makampuni ya Ulaya na Marekani, katika miji ile ile wanamoishi Waswahili wanaobishana juu ya solo. Mtu mwenye jibu na mtu mwenye kulihitaji jibu wanaweza kuwa mtaa mmoja bila ya kujuana. Mwaka 2013, Gurumo alipotangaza kustaafu baada ya nusu karne ya kuimba, ilivuma habari kwamba hakuwahi kumiliki hata gari. Diamond Platnumz, msanii wa kizazi cha wajukuu zake, akamzawadia moja. Watu walishangilia, na ulikuwa wema wa kushangiliwa. Lakini sauti iliyosikika redioni tangu uhuru ulipokuwa mchanga haikupaswa kungoja zawadi. Deni lisiloandikwa hulipwa kwa hisani, na hisani haina ratiba.

Wapinzani wana hoja mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kumbukumbu haiaminiki. Wazee huchanganya miaka, huwapa mashujaa wao nyimbo za wengine, na kila mmoja humtetea mwanamuziki wa mji wake. Ni kweli. Lakini watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa namna ya kulitatua tatizo hilo, kwani wanazuoni wa hadithi walilitatua karne nyingi zilizopita. Hawakuitupa kumbukumbu kwa sababu ina makosa. Waliuliza: umeipata kwa nani, naye aliipata kwa nani, je, wawili hao walikutana? Kauli isiyo na mlolongo iliitwa dhaifu, lakini hata hiyo iliandikwa ikiwa na udhaifu wake. Dansi linahitaji daftari la namna hiyo. Anayesema fulani ndiye aliyepiga solo aulizwe: ulikuwapo ukumbini? Ulimsikia akisema mwenyewe? Ulisoma gazetini? Au unaitambua mikono yake kwa masikio tu? Majibu yote manne yana thamani, ila hayana uzito mmoja. Kosa si kukumbuka vibaya. Kosa ni kutoandika nani alikumbuka nini.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba mambo haya ni njia ya kukimbilia ujana, na kwamba anayeyaenzi hupenda kusahau foleni za unga, maneno yaliyokaguliwa, na nyimbo za kuisifu serikali zilizopigwa kwa amri. Hoja hii ina ukweli, na neno linalotumika linaisaidia. Nyimbo hizi huitwa zilipendwa. Hakuna neno baya kuliko hilo. Kitenzi kiko katika hali ya kutendwa, hivyo aliyependa hatajwi. Kiko katika wakati uliopita, hivyo mapenzi yamekwisha. Na aliyetunga hamo kabisa. Hakuna anayeyaita mashairi ya Muyaka zilipendwa. Wimbo ukishaitwa hivyo hauulizwi tena una maana gani. Unatakiwa tu umkumbushe msikilizaji alikuwa na nani siku ile.

Lakini dawa ya ndoto hiyo ni tarehe. Mtu anayejua tu kwamba wimbo ni wa "enzi zile" anaweza kuota atakavyo. Mtu anayejua kwamba ulirekodiwa wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, au wakati watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, hawezi tena kuusikia kama kipande cha utamu usio na mahali. Atauliza mbona kisa cha mke aliyeachwa shambani kinarudi mara kwa mara katika miaka hii. Atauliza nani alikuwa mjini, nani alibaki. Swali la mwaka gani, likiulizwa kwa makini, humtoa msikilizaji katika ujana wake na kumwingiza katika historia ya wengine.

Yaliyosemwa hadi hapa yamewaelekea zaidi wanaolidharau swali. Wanaolipenda nao wana hesabu yao. Wengi wao huyatumia wanayoyajua kama bakora: lengo ni kumnyamazisha mwenzao, na mwenzao akinyamaza, jibu hufa papo hapo pamoja na ushindi. Wengine wana kanda zilizorekodiwa kutoka redioni miaka arobaini iliyopita, zimefungiwa kabatini katika mji wa baridi au wa joto, na hawataki zisikilizwe na mtu asije akazinakili. Utepe wa kanda unazeeka, na mwenye kanda anazeeka pamoja nao. Siku ya msiba, warithi wasioijua lugha ya maandishi yaliyo juu ya kasha watalitupa kasha. Bahili wa namna hii hana haki ya kumlaumu msomi.

Tena mabingwa hao wana upofu wao. Humkumbuka mpiga solo na mwimbaji kiongozi, lakini mpiga bezi, mpiga tumba na mpiga ridhimu hawana wa kuwauliza. Humjua Hemedi Maneti wa Vijana Jazz kwa jina na sifa, lakini Kida Waziri, mwanamke aliyeimba katika bendi hiyo hiyo, hutajwa kwa nadra, kana kwamba alipita njia. Nyimbo kwa mamia zimeitwa kwa majina ya wanawake, na orodha za wanamuziki ni za wanaume watupu. Swali lililo jema likiulizwa kwa upendeleo huzaa daftari la upendeleo, na msomi wa kesho atalichukua daftari hilo kuwa ndiyo hali ilivyokuwa.

Kinachodaiwa, basi, si kikubwa. Kwa msomi: wimbo wa dansi utajwe kama utendi unavyotajwa, kwa mtunzi, mwimbaji, bendi, mtindo, mwaka, na kama ni rekodi ya redio au ya santuri, na lisilojulikana liandikwe kuwa halijulikani badala ya kufichwa chini ya maneno "wimbo maarufu". Wanafunzi wafundishwe kuisikiliza chemko kwa kalamu mkononi. Wazee wenye kujua waandikwe majina yao katika kazi hizo, si kwa shukrani za ukurasa wa mwanzo tu, bali kila panapotegemewa kauli zao, kama msomi mwenzao anavyotajwa. Kwa wapenzi wa dansi walio ughaibuni: kila ubishi umalizikie kwenye karatasi. Wimbo gani, nani kasema nini, kaujuaje. Hata pale wasipokubaliana waandike kutokubaliana kwao, kwa kuwa wawili waliopingana mwaka huu ni mashahidi wawili miaka thelathini ijayo. Kanda zitolewe kabatini na kunakiliwa wakati mwenyewe bado anaweza kuyasoma maandishi yake.

Ughaibuni una wajibu wa pekee katika hili, na si kwa sababu watu wake wana mapenzi zaidi. Aliyebaki Dar es Salaam alisikia redio kila siku, na nyimbo zikabadilika masikioni mwake pamoja na miaka. Aliyeondoka mwaka 1975 aliondoka na kanda za 1975, akazisikiliza hizo hizo miaka hamsini. Kumbukumbu yake imeganda mahali pamoja. Hilo ni pungufu lake katika mambo mengi, lakini katika jambo hili ni faida, maana kilichoganda hakikuchanganyika na kilichofuata.

Mwalimu Sikujua hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa mji aliyezijua tungo za mji wake na akakubali kuketi na kuziandika. Kama angengoja zionekane kuwa na maana kwa wakubwa wa elimu, Muyaka leo angekuwa jina tu. Gitaa litakapolia tena baada ya pilau, na mzee atakapouliza nani huyo anayepiga solo, kijana aliye karibu naye asitabasamu. Achukue simu yake, amuulize mzee anaujuaje wimbo huo, na aandike.